Vumbi la Plastiki Linatoka Wapi Hadi Kufika Chunguni?

Chukua ndoo ya plastiki iliyokaa juani miaka mitatu au minne. Rangi yake imepauka, mdomo wake una nyufa, na ukiukwaruza kwa ukucha unabaki na unga kidoleni. Ndoo hiyo ilipotoka dukani ilikuwa nyororo na imara. Unga ule ni ndoo yenyewe, inayokwisha kidogo kidogo. Je, ile sehemu iliyokwisha imekwenda wapi?

Mama mwenzangu, swali hili laweza kuonekana dogo, lakini wataalamu wamelifuatilia kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na majibu waliyoyapata yanatuhusu sana sisi tunaopika, tunaofua na tunaolisha watoto. Siandiki ili kumtia mtu hofu. Katika kazi ya uuguzi nimejifunza kuwa hofu haimsaidii mama. Kinachomsaidia ni kujua jambo linaanzia wapi, ili aliwahi hapo hapo linapoanzia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

PLASTIKI HAIOZI, INASAGIKA TU

Ganda la ndizi ukilitupa shambani, wadudu na vijidudu hulila likarudi kuwa udongo. Plastiki haina mlaji wa namna hiyo. Jua huikausha ikawa rahisi kuvunjika, kisha mawimbi, upepo, miguu ya watu na magurudumu ya magari huisaga. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa mia, mia huwa maelfu. Vipande vikishafikia milimita 5 kushuka chini, yaani kuanzia ukubwa wa punje ya mtama hadi vumbi lisiloonekana kwa macho, wataalamu huviita chembe ndogo za plastiki.

Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aitwaye Richard Thompson, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi ulioamsha watu wengi. Walipima mchanga wa fukwe wakakuta umechanganyika na chembe za plastiki. Kisha wakafungua sampuli za viumbe wadogo wa baharini zilizokuwa zikikusanywa na meli na kuhifadhiwa tangu miaka ya 1960. Ilikuwa kama kupekua daftari la zamani la kliniki: waliona kuwa kadiri miaka ilivyosogea, ndivyo chembe zilivyozidi.

NYAYO ZA KITU KISICHOONEKANA

Huenda unajiuliza, chembe ndogo kiasi hicho mtu anajuaje imetoka kwenye kitu gani? Kwanza hutazamwa umbo lake chini ya hadubini. Uzi mwembamba mrefu huelekeza kwenye nguo, kamba au nyavu. Gamba lenye kingo zilizochongoka huelekeza kwenye chombo kikubwa kilichovunjika. Kijipira cha duara kamili huelekeza kiwandani, kwa sababu jua na mawimbi havitengenezi duara kamili. Baada ya hapo chembe humulikwa kwa aina ya mwanga tusioweza kuuona kwa macho. Kila aina ya plastiki huunyonya mwanga huo kwa namna yake, na hiyo ndiyo alama yake ya kidole.

Kazi hii inataka uangalifu mkubwa, maana plastiki iko hata ndani ya maabara. Wachunguzi huvaa makoti ya pamba, na huweka chombo kitupu pembeni ili kupima vumbi la chumba chenyewe, wasije wakalihesabu kuwa limetoka ziwani. Hebu tuone mifano mitatu ya kazi yao.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 2012 mtaalamu Sherri Mason na wenzake walikokota nyavu laini juu ya maji ya Maziwa Makuu ya nchi hiyo. Miongoni mwa uchafu walioupata kulikuwa na vijipira vidogo vya rangi mbalimbali. Walipovilinganisha na vile vilivyomo ndani ya krimu za kusugulia uso zinazouzwa madukani, vilifanana kwa ukubwa, umbo, rangi na aina ya plastiki. Wanawake walikuwa wakinawa uso asubuhi, vijipira vikaingia kwenye bomba, vikapita katika mitambo ya maji taka, vikaishia ziwani. Mwezi Desemba 2015 ilitiwa saini sheria ya kuviondoa katika vipodozi vya kunawia. Kwa kuwa chanzo kilijulikana, dawa yake nayo ilipatikana.

Mfano wa pili ni nguo. Mwaka 2011 Mark Browne na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mchanga wa fukwe 18 katika mabara sita. Walichokikuta kwa wingi ni nyuzi za poliesta na akriliki. Wakachukua maji yanayotoka kwenye mashine za kufulia, wakakuta nyuzi za aina hizo hizo. Vazi moja liliweza kutoa nyuzi zaidi ya 1,900 kwa kufuliwa mara moja tu. Mwaka 2016 watafiti wa Plymouth walipima tena na kukadiria kuwa mzigo wa kilo 6 wa nguo za akriliki waweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000.

Mfano wa tatu unasikitisha. Karibu na mji wa Seattle, Marekani, samaki aina ya salmoni walikuwa wakipanda mito kwenda kutaga, lakini kila mvua iliponyesha wengi walikufa kabla ya kutaga. Kwa miaka mingi sababu haikujulikana. Wataalamu waligundua kuwa vifo vilizidi kwenye mito iliyo karibu na barabara kubwa. Wakaloweka vumbi la matairi katika maji, wakatenganisha kemikali moja baada ya nyingine, hadi Desemba 2020 walipotangaza kuwa wameipata muuaji. Ni kemikali inayotiwa kwenye matairi ili yasipasuke haraka, ambayo ikikutana na hewa ya ozoni hugeuka kuwa sumu kwa samaki hao. Tairi likiisha, mpira wake haupotei, bali unabaki barabarani, na mvua huusomba.

Mwaka 2017 shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilikadiria vyanzo vya chembe zinazoingia baharini zikiwa tayari ni ndogo, bila kuhesabu zile zinazotokana na takataka kubwa kuvunjika. Ufuaji wa nguo ulichukua asilimia 35 na matairi asilimia 28. Vijipira vya vipodozi, vilivyopigiwa kelele zaidi, vilikuwa asilimia 2 tu. Kwa hiyo si kila kinachosemwa sana ndicho kikubwa.

ZIWA LETU NALO LIMEPIMWA

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza: sangara 20 na sato 20. Walifungua matumbo na utumbo, wakazipima chembe zilizomo kwa ule mwanga niliousimulia. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo kutoka maziwa makubwa ya Afrika.

Aina za plastiki zilizopatikana zilikuwa kama orodha ya vitu vya nyumbani. Kulikuwa na polithini, inayotengenezewa mifuko. Poliesta, iliyo katika nguo. Poliyurethini, ambayo ndiyo sponji ya magodoro. Na hata mpira wa silikoni. Watafiti walielekeza kidole kwenye takataka za mjini na vitu tunavyotumia kila siku. Mwaka 2020 wenzao wa Uganda nao walichapisha vipimo vya maji ya upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Sehemu zenye shughuli nyingi za watu zilikuwa na chembe nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya chembe hizo ilitokana na vitu vikubwa vilivyovunjika.

Serikali zetu zimechukua hatua. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hatua hizo zinafaa kupongezwa. Lakini mfuko uliotupwa mtaroni mwaka 2015 haukusikia tangazo la mwaka 2019, na bado unaendelea kumomonyoka huko ulipo.

Je, tuache kula samaki? Hapana. Samaki ni lishe bora kwa mama na mtoto, na chembe hizo zilipatikana katika matumbo na utumbo, sehemu ambazo kwa sangara na sato tunazitoa na kuzitupa. Msafishe samaki wako vizuri, umwoshe kwa maji safi, kisha umpike bila wasiwasi.

CHUPA YA MTOTO MCHANGA

Hapa naomba tutulie kidogo, hasa mama mwenye mtoto anayetumia maziwa ya kopo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Trinity, Dublin, nchini Ireland, walizipima chupa za kunyonyeshea zilizotengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini. Walizichemsha, wakatia maji ya moto wa nyuzi 70, wakazitikisa kama mama anavyofanya. Chupa nyingine zilitoa chembe hadi milioni 16 katika kila lita. Jambo kubwa walilobaini ni joto. Kwa maji ya nyuzi 25 chembe zilikuwa kiasi cha laki 6 kwa lita. Kwa maji ya nyuzi 95 zilipanda hadi milioni 55.

Tafadhali usikimbilie kuacha kuchemsha chupa wala kuchanganya maziwa kwa maji baridi. Vijidudu vya kuhara humwangusha mtoto kwa siku mbili tatu, na tumewaona watoto wengi walioletwa wakiwa wamekaukiwa maji kwa sababu ya chupa chafu. Adui huyu tunamjua, tusimfungulie mlango tukimkimbia mwingine. Fanya hivi: chemsha maji kwenye sufuria au birika la bati, changanya maziwa kwenye kikombe au bakuli la udongo, kioo au chuma lililochemshwa, yaache yapoe hadi kuwa vuguvugu, ndipo umnyweshe. Kama ni lazima kutumia chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mimina humo maziwa yaliyokwisha kupoa. Usiyapashe moto tena ndani yake, wala usiitikise kwa nguvu. Na mtoto anayeweza kunywa kwa kikombe apewe kikombe. Ndivyo tunavyofundisha kliniki siku zote, maana kikombe ni rahisi kusafisha.

Kuna mama atakayeuliza: na maziwa ya mama je? Mwaka 2021 wachunguzi nchini Italia waliripoti kukuta chembe katika makondo ya nyuma manne kati ya sita waliyoyapima. Mwaka 2022 wakaripoti kuzikuta katika sampuli 26 kati ya 34 za maziwa ya mama. Habari hizi zilimshtua kila aliyezisoma. Lakini wachunguzi hao hao walisisitiza kuwa faida za kunyonyesha ni kubwa kuliko hasara ya chembe hizo. Maziwa yako yana kinga ambayo hakuna kopo linaloweza kuinunua. Mnyonyeshe mtoto wako maziwa yako tu kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji, kisha uendelee kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine.

ZINATUDHURU KIASI GANI?

Mwezi Machi 2024 madaktari wa Italia walichapisha habari za wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mishipa ya damu ya shingoni. Katika zaidi ya nusu yao, mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa yalikuwa na plastiki. Walipofuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, wenye plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wasiokuwa nayo. Lakini hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyosababisha. Watu wawili wakikutwa mahali pamoja pa tukio, si lazima wote wawe wakosaji. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa zake za mwaka 2019 na 2022, lilisema kuwa ushahidi uliokuwapo haukutosha kupima ukubwa wa madhara kwa binadamu, ila likahimiza uchafuzi huo upunguzwe.

Kwa hiyo asije mtu akakuuzia dawa ya kutoa plastiki mwilini. Dawa ya namna hiyo haijathibitishwa. Tulicho nacho ni kinga, na kinga ni bora kuliko tiba.

TUANZIE WAPI NYUMBANI?

Jikoni. Joto ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Wengi wetu hufunika wali au maharage kwa nailoni ili yaive upesi, mvuke usitoke. Nailoni ile hulegea kwa joto, na mara nyingi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Jani la mgomba, walilotumia bibi zetu, hufanya kazi ile ile, au weka mfuniko mzito na kijiwe juu yake. Uji, chai na supu ya moto visiingie kwenye vifuko wala vikombe vyepesi vya plastiki. Ukinunua chakula cha moto kwa mama ntilie, nenda na bakuli lako la bati au hotipoti yenye chombo cha chuma ndani.

Maji ya kunywa. Mtungi wa udongo hupoza maji, wala hautoi plastiki. Kama una ndoo au madumu, yaweke kivulini. Yasisuguliwe kwa waya wa chuma. Kitambaa na sabuni vinatosha. Ndoo ikianza kutoa unga, iondoe kwenye maji ya kunywa na uitumie kwa kazi nyingine ndani ya nyumba.

Kufua. Hatuwezi kuacha mitumba ya poliesta leo, nao uwezo wetu tunaujua. Lakini tunaweza kufua pale inapohitajika tu, tukasugua kwa kiasi, na maji ya kufulia tukayamwaga kwenye shimo la maji machafu badala ya kumwaga mtoni au kufulia ndani ya ziwa lenyewe. Kwa nguo na shuka za mtoto mchanga, pamba ni bora, na khanga ya pamba iliyochakaa haina mshindani.

Vumbi la ndani. Nyuzi za nguo, mazulia na mapazia huchanganyika na vumbi, na mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu nalo. Badala ya kufagia kwa kutimua, deki kwa kitambaa kibichi, na ufungue madirisha.

Takataka. Usiwashe jiko la mkaa kwa plastiki, wala usiichome uani. Moshi wake una sumu, na majivu hubaki na vipande visivyoungua. Chupa za maji zina wanunuzi wanaozinunua kwa kilo, hivyo weka kiroba cha kuzikusanyia. Na wewe mkulima, miche inapopandwa, toa kile kiriba cha plastiki na ukihifadhi, kisibaki ardhini kuzunguka mizizi. Viroba vya mazao vikianza kuchanika na kutoa nyuzi, visiendelee kuanikiwa nafaka.

YASIYO KAZI YA MAMA PEKE YAKE

Si haki mzigo wote kumtwisha mama. Mtengeneza nguo anaweza kufuma kitambaa kisichotoa nyuzi nyingi, na mtengeneza matairi anaweza kutafuta kemikali nyingine. Halmashauri inaweza kuzoa taka kabla mvua haijazisomba. Mwezi Machi 2022, mataifa yalikutana Nairobi yakakubaliana kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Mazungumzo yaliyofanyika Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila mwafaka. Wakubwa wanapokawia kukubaliana, sisi tusikawie.

Katika vikundi vyetu vya akina mama tuna nguvu kuliko tunavyodhani. Sisi ndio tunaopika kwenye arusi, misiba na mikutano. Kikundi kikiwa na sahani na vikombe vyake vya bati, na pipa moja la maji lenye bomba, mamia ya sahani na chupa za kutupwa hazitanunuliwa kabisa. Vikundi vinavyochanga fedha kila mwezi vinaweza kununua vyombo hivyo polepole, kisha vikavikodisha vikapata na faida.

Mwezi huu chagua jambo moja tu katika haya. Kama wewe hufunika wali kwa nailoni, anza na hilo. Mwezi ujao ongeza la pili, na umweleze jirani yako sababu yake.